Upinde wa Kimo cha Mtoto

Ukitoka Karatu mjini kuelekea lango la Ngorongoro, kabla barabara haijaanza kupanda msituni unafika Njiapanda. Hapo wa Ngorongoro na wa Eyasi wanaagana. Magari ya watalii yakanyoosha na lami, sisi tukakata kushoto tukaanza kushuka. Gari letu lilikuwa la abiria, lakini riziki yake kubwa ni vitunguu vya Mang'ola, na hata likienda tupu linanuka vitunguu mpaka kwenye vitambaa vya viti. Wakati ule njia ilikuwa ya vumbi mwanzo hadi mwisho, jekundu huku juu, likififia kuwa jeupe kadiri tulivyokaribia ziwa. Karatu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari na Ziwa Eyasi liko kwenye mita 1,000 na kidogo, chini kabisa ya ukuta wa Bonde la Ufa. Koti nililotoka nalo asubuhi lilikuwa limeshaingia kwenye begi kabla hatujafika nusu ya mteremko.

Bondeni Mang'ola mtu hakutani na nyika moja kwa moja. Chemchemi zinazotoka chini ya miteremko ya Ngorongoro zinamwagilia mashamba ya vitunguu, na kwenye vijiji vya Barazani na Ghorofani kuna kila aina ya Mtanzania: Wairaqw, Wadatoga, Waisanzu, wenye maduka kutoka Moshi, vibarua kutoka kila mahali, madalali wenye simu mbili mbili. Nyuma ya hayo yote, kwenye miamba na vichaka ambako jembe halijafika, ndiko waliko Wahadzabe, watu elfu moja na mia chache tu, wenye lugha yao yenye sauti za vidoko ambayo wanaisimu hawajathibitisha ndugu yake hata mmoja duniani.

Nilikwenda kwa ajili ya mti. Mimi ni seremala, kazi niliyojifunza Tanga kwenye karakana ya baba yangu mdogo, na tangu hapo nimekuwa nikiutaka mti utulie: mlango usijipinde, droo isikwame mvua zikianza, meza ibaki kama ilivyotoka mkononi mwangu. Mtengeneza upinde anautaka mti ufanye kinyume. Anautaka ukunjike hadi karibu na mwisho wa uvumilivu wake, unyooke, na kesho ukunjike tena, bila kupasuka na bila kulegea. Nilikuwa nimesoma habari za pinde za kale. Kuna ule wa Holmegaard nchini Denmark, wa mti wa elmu, uliofukuliwa kwenye tope la kinamasi mwaka 1944 na kukadiriwa kuwa na miaka 9,000. Kuna zile za meli ya vita ya Kiingereza, Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, zaidi ya 130 zikiwa nzima. Zote zimelala kwenye makumbusho. Nilitaka kuona upinde unaoamka asubuhi kwenda kazini, na nilitaka kumwona anayeutengeneza.

Mwenyeji wangu alikuwa kijana wa Kihadzabe aliyemaliza darasa la saba na anayezungumza Kiswahili kilichonyooka. Tulipita kwanza ofisi ya utalii wa utamaduni kulipa ada ya kijiji, tukalala Ghorofani, tukatoka kabla ya mapambazuko. Njia ilikatiza mashamba, kisha mfereji, kisha eneo la chumvi lisilo na jani, halafu ghafla miti: migunga, mibuyu, na vichaka vya mkole vyenye vishina vingi vinavyotoka ardhini pamoja. Nilisimama kuvitazama. Mkole kwetu Tanga tunaujua kwa matunda madogo ambayo watoto huyatafuna wakirudi shule. Hapa kila kichaka kilikuwa na makovu ya panga, mengine makavu ya miaka, mengine bado yana unyevu.

Kambi ilikuwa chini ya mwamba, watu kama ishirini na tano, mioto mitatu ikifuka. "Mtana," akasema mwenyeji wangu, na sauti zikajibu kutoka kila moto. Nikamwamkia mzee aliyekuwa karibu, "Shikamoo mzee," naye akaitikia "Marahaba" bila kuinua macho, kwa sababu mikononi mwake kulikuwa na kitu kinachohitaji macho. Lakini yeye nitamrudia. Kwanza niseme habari za mtoto.

Mtoto wa kwanza niliyemwona pale alikuwa hajafika miaka minne, na alikuwa na upinde. Alikuwa amevaa fulana iliyofika magotini na alisimama mbele ya kibuyu kilichovunjika, akatia mshale, akavuta hadi kidevuni, akaachia. Mshale ulipita pembeni. Akaufuata, akauokota, akarudi pale pale. Hakuna mtu mzima aliyemwambia vizuri, wala pole, wala angalia jicho la mwenzio. Kaka zake wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine labda kumi, walikuwa wakilenga ganda la ubuyu lililotupwa mbali zaidi, na yule wa kumi alikuwa halikosi. Nilitazama kwa muda mrefu kabla sijagundua kilichonivuta. Upinde wa yule mdogo haukuwa wa kuchezea. Ulikuwa umechongwa kwa kisu kuelekea ncha zote mbili, umenyooshwa kwa moto, umepakwa mafuta, na ukivutwa ulijikunja kwa duara sawasawa juu na chini. Kazi ile ile iliyofanyika kwenye upinde wa baba yake uliosimamishwa kwenye mwamba ilikuwa imefanyika hapa, kwa kimo cha mtu anayenifika kiunoni.

Tumezoea kumpa mtoto mfano wa kitu. Tunampa gari la plastiki, jiko la plastiki, nyundo isiyoweza kupigilia msumari, halafu akifika miaka kumi na minane tunashangaa hajui kushika nyundo. Kule Eyasi nyundo ndogo inapigilia. Watoto wa Kihadzabe hujipatia sehemu kubwa ya chakula chao wenyewe, matunda, ubuyu, mizizi iliyo karibu na kambi. Watafiti waliokaa nao tangu miaka ya 1980 wameliandika jambo hili kwa kirefu. Wavulana huongeza ndege, kuchakulo, na akibahatika mmoja, pimbi. Upinde mbovu maana yake ni ndege anayeruka zake. Kwa hiyo baba au babu anayemchongea mtoto anachonga kwa umakini, kwa sababu mtoto atautumia leo mchana.

Sasa yule mzee. Alichokuwa nacho mkononi ni fito ya mkole ya mjukuu wake wa miaka saba, ambaye upinde wake wa zamani ulikuwa umeshamwia mfupi. Niliomba kukaa karibu yake, nikamwambia kazi yangu. Akaniangalia vidole, akaona kovu la patasi kwenye kidole cha shahada, akasogea akanipa nafasi kwenye jiwe.

Fito ilikuwa imekatwa siku za nyuma na gome lilikuwa limeshatolewa. Alinieleza jinsi anavyochagua. Hatafuti shina nene kisha alipunguze. Anatafuta shina ambalo tayari linakaribia unene anaoutaka, lililokua wima kivulini likigombania jua, kwa sababu la namna hiyo hutoa matawi machache na vifundo vichache. Kwa mtoto wa miaka saba, unene wa dole gumba langu. Kwa mtu mzima, vidole viwili hadi vitatu vikiunganishwa. Kisha akageuza fito akanionyesha upande mmoja aliokuwa hajaugusa kabisa. "Huu mgongo," akasema. "Kisu hakipiti hapa."

Kwa seremala, hapo ndipo elimu yote ilipo. Upinde unapovutwa, upande unaotazama mbele, mgongo, unanyooshwa, na upande unaomtazama mvutaji, tumbo, unabanwa. Mti hustahimili kubanwa kwa namna moja na kunyooshwa kwa namna nyingine. Tumbo likizidiwa hujikunja taratibu na kuacha vijistari vidogo, unapata onyo. Mgongo ukizidiwa hupasuka kwa mara moja, na upasukaji huanzia pale unyuzi wa mti ulipokatwa. Ukiuacha mgongo kama mti wenyewe ulivyouotesha, chini tu ya gome, nyuzi zinakwenda toka ncha hadi ncha bila kukatika. Mzee alichonga tumbo na mbavu peke yake. Mbao tunazopata kwetu zimepasuliwa kwa msumeno bila kujali nyuzi zinaelekea wapi, na kwa meza haina neno. Kwa upinde, ubao wa namna hiyo ungedumu asubuhi moja.

Nikamwuliza jambo nililokuwa nimekuja nalo kutoka Tanga: kwa nini asichukue upinde wa mtu mzima uliovunjika ncha, akaukata, akampa mtoto? Hakujibu kwa maneno. Alinyanyua kipande cha upinde wa zamani kilichokuwa karibu na moto, urefu kama wa mkono, akanipa nikunje. Nilikikunja kwa nguvu zangu zote na hakikunikubalia hata kidogo.

Hesabu yake naijua, maana ndiyo hesabu ya rafu za vitabu na chaga za kitanda. Ukiufanya mti uwe mfupi nusu, ugumu wake wa kupinda unapanda mara nane. Ukipunguza unene nusu, ugumu unashuka hadi sehemu moja ya nane. Ukipunguza upana nusu, unapungua nusu tu. Kwa hiyo upinde mfupi wa mtoto, ukitaka uvutike kwa mikono yake, lazima uwe mwembamba kuliko jicho linavyotarajia, na kila mkwaruzo wa kisu unahesabika zaidi ya kwenye upinde wa baba. Kumchongea mtoto ni kazi nyeti kuliko kumchongea mtu mzima. Nilidhani ingekuwa kinyume. Mzee hajawahi kuandika hesabu hiyo popote, lakini nilimwona akiifanya: anakwaruza tumbo mara tatu nne, anakanyaga ncha moja, anasukuma katikati kwa goti, anatazama duara, anageuza, anakwaruza upande wa pili. Sehemu isiyojikunja anaikwaruza. Sehemu inayojikunja kupita nyingine anaiacha kabisa, na kazi yote inahamia kwingine hadi mwili mzima wa fito uifikie.

Halafu akamwita mjukuu. Mtoto akaja na vumbi lake. Mzee akamsimamisha, akaweka fito pembeni yake. Ilimpita kichwa kwa kiganja kimoja. Akamwambia anyooshe mkono wa kushoto, akamwambia avute mkono mwingine, mtupu, hadi shavuni, akapima kwa jicho umbali kati ya ngumi na shavu. Baadaye, ugwe ulipofungwa kwa muda, alimtaka avute mara nyingi bila mshale huku yeye akiangalia, nikadhani anaangalia upinde. Mwenyeji wangu akaninong'oneza, "Anaangalia bega." Bega likipanda, upinde ni mzito kwa mtoto huyo. Lilipanda kidogo. Mzee akaufungua ugwe, akarudi kwenye kisu.

Niliona pia jinsi moto unavyotumika. Fito ilikuwa na kipinda kidogo karibu na ncha ya chini. Aliizungusha juu ya majivu ya moto, mbali na ndimi, akaipaka mafuta ya mnyama ili joto liingie bila kukausha, akaibana kwenye panda ya mti, akaishikilia hivyo mpaka ikapoa. Kipinda kikaisha. Mishale yeye na wenzake huinyoosha kwa meno: wanaipasha moto, wanaitia mdomoni kwa pembeni, wanakandamiza, wanaitazama kwa jicho moja, wanarudia. Wazee wengine meno yao ya pembeni yamelika kwa kazi hiyo.

Ugwe wa mtu mzima ni wa kano. Zinatolewa mgongoni na shingoni mwa wanyama wakubwa, pofu, tandala, twiga, zinakaushwa, zinachanwa nyuzi nyuzi, zinalainishwa kwa mate na kusokotwa juu ya paja. Wa mtoto hutegemea kilichopo. Siku ile babu alikuwa na kano chache za kutosha, lakini upinde wa yule mtoto mdogo ulikuwa na ugwe wa nailoni uliofumuliwa kwenye mfuko wa vitunguu. Nailoni inavutika mno na inakula sehemu ya nguvu ya upinde, lakini kwa uzito ule mdogo haikuleta madhara, na mtoto alikuwa na ugwe.

Kesho yake kulipokucha nilifuatana na wanaume watatu mawindoni. Sitasema mengi, kwa kuwa walitembea kwa kasi na kwa ukimya na sehemu kubwa ya muda nilikuwa nyuma. Tulirudi na ndege wawili na kuchakulo mmoja. Watafiti wa miaka ya 1980 walihesabu kwamba mwindaji mmoja wa Kihadzabe anaangusha mnyama mkubwa takriban mara moja kwa kila siku thelathini za mawindo, na nyama hiyo inagawiwa kambi nzima. Siku nyingine zote ni za ndege, asali na kurudi mikono mitupu. Upinde wa mtu mzima unabebwa na kuvutwa mwaka mzima kwa ajili ya siku hizo chache.

Na ni upinde wa kweli. Nilipewa mmoja nijaribu, na ugwe ulinifika nusu ya njia tu. Vipimo vilivyochapishwa vinaonyesha upinde wa Mhadzabe unahitaji kwa wastani nguvu ya kilo 30 hivi kuuvuta, na nyingine zinakaribia kilo 40. Mpiga mshale wa Olimpiki, anayelenga shabaha ya mita 70, kwa kawaida anavuta kilo 20 na kidogo, akiwa na vidhibiti na kifaa cha kulengea. Yule anayevuta kilo 30 kwa mti mtupu alianza kwa fito ya unene wa dole gumba. Kila alipoongezeka kimo alichongewa mwingine, kidogo tu mzito kuliko uliotangulia, na mwili ukaufuata mti. Hapakuwa na siku aliyokabidhiwa upinde wa wakubwa. Alifika tu.

Jioni tulikwenda kwa mfua vyuma wa Kidatoga, mwendo wa saa moja hivi. Vigumba vingi vya Wahadzabe vinatoka kwa majirani hawa, kwa kubadilishana na asali, siku hizi pia kwa fedha. Mhunzi alikuwa na mivukuto ya ngozi ya mbuzi, mtoto wake akiipuliza, na chungu cha makufuli mabovu na bomba za shaba zilizokuwa zikisubiri kuyeyushwa ziwe bangili. Kwa mshale alichukua msumari wa inchi sita akaugonga hadi ukawa jani. Kuna kigumba cha mnyama wa kati, na kuna kile cha sumu. Sumu hutoka kwenye utomvu wa waridi la jangwani, au mbegu za mmea mwingine wa porini, hupikwa hadi iwe kama lami, na sehemu iliyopakwa hufungwa kwa kipande cha ngozi ili isikauke na isimguse mtu. Mishale hiyo hubebwa peke yake. Watoto hawaigusi, na hili ndilo jambo pekee nililoona wakikatazwa kwa ukali siku zote nilizokuwa pale. Mishale yao ni ya mti mtupu uliochongwa ncha, na manyoya ya kanga.

Usiku wanaume wakicheza lukuchuko, mchezo wa kurusha vipande vya magome kwenye shina la mti na kuangalia vimeangukaje, nilipata maelezo yaliyonikaa kichwani kuliko yote. Dau ni mishale ya chuma, visu, sumu, nguo, na vitu hivyo huzunguka kutoka kambi hadi kambi. James Woodburn, mwanaanthropolojia wa Kiingereza aliyeanza kuishi nao mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika kwamba kuna vitu ambavyo havitiwi dau: upinde wa mtu, mishale yake ya mti ya kupigia ndege, na mfuko wake wa ngozi. Maelezo yake ni kwamba vitu hivi vinatengenezwa kwa malighafi zinazopatikana kila mahali, hakuna sababu vizunguke. Niliuliza wachezaji. Mmoja akacheka: "Upinde wangu utakusaidia nini wewe?" Mkono wake ni mrefu kuliko wangu. Naona majibu yote mawili ni sawa.

Kwenye vituo vya watalii, na hata kwenye maduka ya Karatu, zinauzwa pinde. Zina mapambo ya vipande vya ngozi na michoro ya kuunguza, zinapendeza ukutani. Nilizikagua kwa mkono: fito zimechongwa haraka pande zote, mgongo umekatwa, duara ni la upande mmoja. Nilimwuliza mzee, na hakuona tatizo lolote. Hizo ni za kuuza, na fedha inanunua unga. Simlaumu. Lakini naomba msomaji anayepita huko, akitaka upinde, aombe ule unaopiga, alipe bei ya kazi hiyo, na akubali kusubiri. Mafundi wanaojua kuutengeneza wapo, na wanajua tofauti kuliko mnunuzi.

Mti wenyewe ndio unaosogea mbali. Mzee alinionyesha bonde dogo ambako baba yake alikuwa anakata mkole. Sasa ni shamba la vitunguu, na ng'ambo yake vichaka vimeliwa na mbuzi hadi vimebaki vijiti vya kufagilia. Fito iliyokua ikilishwa na mbuzi kila msimu inatoka na vifundo kila kiganja, haifai. Upande wa kusini, kwenye Bonde la Yaeda wilayani Mbulu, Wahadzabe walipata hati za kimila za kumiliki ardhi mwaka 2011, na tangu hapo wana karatasi ya kumwonyesha anayekuja na trekta. Mang'ola sikuona utulivu wa namna hiyo. Mtu akizungumzia kuhifadhi ufundi wa pinde bila kuzungumzia nani anamiliki kichaka, anazungumzia kibao cha makumbusho.

Na ufundi huu hufa haraka. Kule Kenya, Waata wa Tsavo walikuwa na pinde ndefu zilizohitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45, walizowindia tembo. Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948, na katikati ya miaka ya 1950 operesheni kubwa dhidi ya ujangili ikawakamata wawindaji wao na kuwafunga. Sitetei uwindaji wa tembo. Ninachofikiri ni hiki: mvulana aliyekuwa na miaka mitano siku baba yake alipokamatwa hakuchongewa upinde wa mwaka wa sita, wala wa saba, na upinde wa kilo 45 hauwezi kuanzwa ukubwani. Bega linakuwa limeshafunga.

Asubuhi ya kuondoka upinde wa yule mjukuu ulikuwa umekamilika. Babu aliufunga ugwe kwa kuuzungusha kwenye ncha, akaupaka mafuta, akampa. Mtoto alivuta, bega likatulia, akaenda zake kwa wenzake. Baadaye kidogo dada yake, mkubwa kwake kidogo, aliuchukua akapiga ganda la ubuyu kwa mshale wa pili, akaurudisha, akaenda na mama zake na mti wake wa kuchimbia mizizi.

Hapo nikasema haja yangu. Nina binti wa miaka tisa. Nikamwomba mzee amchongee upinde, nitalipa, nitausubiri hata wiki. Akaniuliza kimo. Nikaonyesha kifuani. Akauliza urefu wa mikono. Nikaonyesha kwa kukadiria. Akauliza, "Ana nguvu?"

"Anachota maji, mzee. Anapanda miembe."

"Akivuta, bega linakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu, na yeye hakungoja. Alinyanyuka, akatembea hadi nyuma ya mwamba, nikamfuata. Kwenye kichaka cha mkole aliweka mkono juu ya chipukizi moja lililonyooka, laini, lisilo na kifundo kutoka chini hadi juu ya kichwa changu. Akalizungushia vidole viwili kupima unene wake.

"Mlete," akasema. "Huu unamfaa akija mwaka huu. Akija mwakani huu utakuwa wa mtu mwingine, tutamtafutia wake."

Shule za msingi zinafungwa Juni, na Juni huko ni kiangazi, njia inapitika. Nauli ya watu wawili kutoka Tanga hadi Karatu nimeshaiweka pembeni, na ya gari la vitunguu kwenda na kurudi. Mama yake ameuliza mara mbili habari za ile mishale ya sumu, nami nimemweleza inavyobebwa na nani anaigusa. Amekubali.